Badiliko Ambalo Sheria Hailioni

Kitale, Alhamisi, alasiri

Nekesa mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umeketi kwa shangazi yako kule Milimani, shingo imeinama, wasusi wawili wamekushika kichwa, na hawatakuachilia kabla jua halijashuka nyuma ya Mlima Elgon. Nami kwa hiyo nimepata alasiri nzima isiyo na wa kunikatiza. Baba yako yuko nje anapambana na zipu ya sanduku lako. Amekataa tununue jingine. Fundi wa trekta, anasema, hawezi kushindwa na zipu.

Kuhusu masweta, dawa za kichwa na mahali pa kuficha pasipoti, sitaandika neno. Hayo baba yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena kesho njiani hadi Eldoret, na mara ya mwisho kwenye lango la uwanja wa ndege. Mimi nina jambo moja tu. Uliniuliza swali Jumapili tukirudi kutoka Sirisia, na sikukujibu. Yeyote aliyenijua nikiwa na umri wako angeapa kwamba jambo hilo haliwezekani: mimi kuulizwa, nami nikanyamaza.

Naliandika swali lako hapa kama ulivyolisema, ili nisipate mwanya wa kulikwepa kwa ufasaha. Tulikuwa tumeshaipita Kamukuywa, sisi watatu tumebanana mbele kwenye pikapu ya baba yako. Ukasema, macho yako barabarani: "Mama, ningekuwa si mwanao, ungeniambia niende?" Nikafungua kinywa. Ukaongeza: "Usinipe hotuba. Nataka jibu." Nikakifunga. Baba yako, mtu mwenye busara zake, akaongeza sauti ya redio.

Kesho asubuhi ndege itaondoka. Kabla haijaondoka, baba yako mkubwa Wekesa anangoja umwambie kama unaichukua ile kazi ya chuo kilicho karibu na Kibabii, au unakwenda Ujerumani kama ilivyopangwa. Najua hujalala vizuri tangu Jumapili. Najua pia kwamba neno langu, likielemea huku au kule, litakusogeza. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Ulimi wangu nimeuzoea mno, siuamini.

Turudi kwanza Jumamosi. Wewe uliiona kutoka katikati, ukiwa umesimama. Acha nikuonyeshe ilivyoonekana kutoka kwenye viti.

Tenti ilikuwa imefungwa kwenye ua wa babu yako, kuku wameliwa, kwaya imeimba, na mchungaji amekuombea kwa urefu kana kwamba ndege yenyewe ingeendeshwa kwa sala zake. Kisha baba yako mkubwa, mwalimu mkuu aliyestaafu kila kitu isipokuwa kipaza sauti, akakusimamisha mbele ya ukoo.

"Nekesa, hebu tuambie sisi watu wa nyumbani. Ati unaenda huko mbali kusoma nini?"

"Graviti, baba."

"Graviti. Si hiyo ni ile ya vitu kuanguka? Hiyo mimi nilifundisha watoto wa darasa la saba na wakapita."

Tenti nzima ikacheka. Ulicheka nao, na hilo nililipenda. "Ulifundisha vizuri, baba," ukamwambia. "Lakini ilibaki kidogo."

"Kidogo kama nini?"

Nilikuona ukitafuta njia. Ungeweza kuwatupia istilahi zako wakakupigia makofi bila kuelewa. Mimi, katika nafasi yako, ndivyo ningefanya. Wewe ukaomba viti sita. Ukavipanga duara karibu na mlango wa tenti. Ukamketisha babu yako, ukaniketisha mimi upande wa pili tukitazamana kwa mbali, na kwenye nafasi zilizobaki ukawaweka baba yako mkubwa na majirani watatu waliokuwa wameshiba na hawana nguvu za kukataa.

"Kuka," ukamwita babu yako, "hapa kwetu sheria ya kukaa ni gani?"

Alikutazama kama mtu aliyeulizwa iwapo maji hulowesha. "Mama yako hawezi kaa karibu na mimi. Mimi ni baba mkwe wake. Hiyo hata kuku anajua."

"Basi hiyo ndiyo sheria yetu ya leo, hiyo moja tu. Sasa kila mtu asogee kiti kimoja, upande wa kulia."

Jirani mmoja alinung'unika kwamba hakuja matangani kuchezeshwa kama mtoto wa nasari. Akaambiwa kwamba haya si matanga, mtu yuko hai na anasafiri, basi akasogea. Tukasogea wote. "Sheria imevunjika?" ukauliza. "Bado," wakajibu. Tukasogea tena. "Imevunjika?" "Bado." Ukawaambia: "Hata mkizunguka mpaka giza liingie haitavunjika. Nyinyi mnasogea, lakini sheria haioni kitu. Badiliko ambalo sheria hailioni, sisi tunaliita ulinganifu."

Nilitazama nyuso. Walikuwa wamelishika. Watu ambao asubuhi hiyo walikuwa wakibishana juu ya bei ya mbolea walikuwa wamelishika wazo ambalo mimi nilihitaji mvua za msimu mzima kulielewa.

"Sasa badiliko la pili," ukasema. "Wale wawili walio kwenye viti vya mlangoni wabadilishane." Nilikuwa mmoja wao. Nikabadilishana na jirani, na sheria ikasimama imara. Watu wakaanza kuamini kwamba hili nalo ni salama. Ukatusogeza, ukatusogeza tena na tena, kisha ukasema "wabadilishane", na safari hii aliyefika mlangoni alikuwa babu yako. Akainuka polepole kwa fimbo yake, akahamia kiti cha pili, na alipokuwa anainama akae ndipo nilipotambua kwamba kiti hicho kimegusana na changu.

Nekesa, mimi ndiye niliyesimama kwenye ngazi za maktaba ya chuo kikuu nikatangaza, mbele ya bahari ya vichwa, kwamba mila ni minyororo tuliyojifunga wenyewe. Niliruka kutoka kwenye kiti kile kama mtu aliyekalia siafu. Babu yako naye, kwa umri wake, aliruka kwa upande wake. Fimbo ikaenda huku, yeye kule.

"Komredi," baba yako mkubwa akasema kwenye kipaza sauti, taratibu, akiifurahia kila silabi, "si ulituambia mila ilikufa?"

"Ilikufa," babu yako akamjibu, akijipangusa magoti, "lakini umeona vile inakimbia."

Walicheka mpaka mchungaji akatafuta mahali pa kuegemea. Wewe hukucheka. Ulisimama katikati ya viti umeinua kidole, ukingoja watulie, kwa maana kwako kilichotokea hakikuwa kichekesho. Kilikuwa hoja iliyothibitika.

"Mmeona? Badiliko la pili lilijifanya salama, lakini sheria imeliona. Kwa hivyo lenyewe si ulinganifu. Graviti pia iko na sheria yake, na kuna mabadiliko ambayo sheria hiyo haiyaoni. Mengine tunayajua. Mengine yamefichika, mtu anaweza kukaa na sheria maisha yake yote na asiyashuku. Mimi naenda kutafuta yale yamefichika."

"Na ukiyapata?" akauliza baba yako mkubwa.

"Nikiwa na mpangilio mmoja halali, nitaugeuza nipate mwingine, na mwingine, bila kuanza upya."

"Sawa. Hapo nimeelewa." Sauti yake haikuwa tena na mzaha. "Sasa niambie. Hiyo itasaidia nani?"

Nilinyoosha mkono nikichukue kipaza sauti. Hotuba ilikuwa imekwisha kujipanga kinywani mwangu: simu zenu, setilaiti, ramani zinazowaonyesha njia, taifa changa linalodai kiti chake kwenye meza ya maarifa. Nusu yake ingekuwa kweli, na nusu ya pili ningeijaza kwa sauti. Ndipo uliponitazama. Ulitikisa kichwa kidogo, hakuna aliyeona ila mimi, kisha ukamgeukia.

"Sijui, baba."

Hukuongeza kitu. Hukuinamisha kichwa. Ulilisema neno lile kama mtu anavyotaja jina lake.

Nimesimama mbele ya umati mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sijawahi, hata mara moja, kuuambia neno hilo. Niliwahi kutishwa kwa virungu nikaendelea kusema. Nisingeweza kutishwa kwa lolote nikasema "sijui". Nikiwa pale, bila kiti, kitambaa cha kichwa kimelegea kwa kule kuruka kwangu, nilijivunia wewe kuliko siku uliyopata shahada yako ya kwanza na siku uliyopata ya pili. Shahada hizo ulipewa. Neno lile ulilitoa mwenyewe.

Baba yako mkubwa hakukudhihaki. "Basi kama hujui," alisema kwa upole, "mimi niko na kitu kimoja najua. Hapa karibu na Kibabii kuna chuo wanatafuta mwalimu wa hesabu. Nimeongea na mtu. Ni kazi ya kudumu. Hapo tunajua inasaidia nani: ni watoto wetu. Fikiria, mama. Uniambie kabla hujapanda ndege."

Na hapa nataka nikuombe jambo. Usimchukie kwa swali lile, wala usilidharau swali lenyewe. Lilikuwa langu kabla halijawa lake.

Tulipokuwa chuoni tuliliuliza juu ya kila kitu. Karo hii inamsaidia nani? Somo hili, jengo hili, sanamu hii? Lilikuwa swali zuri, na bado ni zuri. Kuna majumba makubwa katika nchi hii ambayo hayajawahi kuulizwa. Tuliujaza uwanja. Chuo kikafungwa, wengi wetu tukafukuzwa kwa muda, na mimi nikarudishwa hapa Kitale kupukuchua mahindi kwenye shamba alikofanya kazi baba yangu. Wengine hunitaka nijute mgomo ule. Siujutii. Magoti yangu yangekubali, ningeuongoza tena Jumatatu.

Nilipokosea ni kwingine, na ilinichukua muda kupaona. Nilianza kuupima ukweli kwa idadi ya watu walioinuka niliposema. Lililowainua nililirudia. Lililowaacha wamekaa nikaliacha. Kidogo kidogo, pasipo uamuzi wowote, nikawa mtu asiyeweza kufikiri jambo ambalo halipigiwi makofi. Kisha umati ukarudi makwao, kama umati unavyostahili kurudi, nami nikabaki nimekaa juu ya gunia la mahindi. Nikajitafuta ndani nione kama kuna swali hata moja lililo langu, swali ambalo ningeendelea kuliuliza hata kama hakuna anayesikia. Sikulipata. Nilikuwa na majibu ya kulitosha taifa, na sikuwa na swali.

Wewe ulikuja nalo. Sijui lilitoka kwa nani. Baba yako ananisingizia mimi, mimi namsingizia yeye. Unakumbuka ugomvi wetu ulipomaliza kidato cha nne? Nilitaka usome sheria. Nilikuwa nimekwisha kukuona mahakamani, umevaa joho, ukiyamaliza niliyoyaanza. Ukaniambia, umesimama pale kwenye mlango wa jikoni: "Mama, sheria zako watu wanazivunja kila siku. Mimi nataka zile ambazo hakuna mtu anaweza kuvunja." Nikakuita mbinafsi. Nikakuambia kwamba nyota hazijawahi kumlipia mtu kodi ya nyumba. Siku kadhaa tukawa tunazungumza kupitia kwa baba yako.

"Mwambie binti yako chai iko tayari."

"Anasema amesikia."

"Mwambie basi aje anywe."

"Mimi si posta," akasema baba yako, akachukua kikombe chake akaenda kunywea kwenye trekta.

Nilishindwa vita vile, na kati ya vita vyote nilivyoshindwa hivyo ndivyo ninavyovisimulia kwa furaha. Ujana wangu wote niliuliza: nini kibadilishwe? Wewe ukaja na swali ambalo halikuwahi kunijia: tukibadilisha, nini kinabaki? Nilidhani maswali hayo ni maadui. Nadhani sasa kwamba anayejua la kwanza tu atabomoa nyumba akitafuta dirisha.

Sikukwambia nilichofanya Jumatatu, ulipokwenda Bungoma kuwaaga wenzako. Nilijaribu kazi yako. Nilijilazimisha kwanza kukumbuka uliyonifundisha mwaka jana, wakati wa mvua, mimi nikichambua maharagwe na wewe ukichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Uliniambia hivi. Sheria ya graviti nzima ni nzito mno. Watu wenye akili hutumia miaka kupata suluhisho moja. Kwa hivyo usiutazame ulimwengu wote. Tazama nyota moja inayozunguka, ambayo kesho ni kama leo, na ambayo upande huu ni kama upande ule. Ukikubali kuyaacha mengine, sheria inapungua uzito, na katika upungufu huo mabadiliko yaliyofichika yanajitokeza, yale ambayo hayakuonekana ilipokuwa kamili.

Yanakuja kwa jamii mbili, uliniambia. Kila jamii ni ndogo. Unaimaliza kwa vidole vya mkono mmoja. Kila moja imejifunga: ukichanganya ya ndani unabaki ndani. Lakini zikutanishe jamii hizo mbili, fanya hili kisha lile, halafu rudia, lile kisha hili, na utakuta hufiki mahali pamoja. Tofauti baina ya safari hizo mbili ni badiliko jipya, lisilomo katika jamii yoyote kati ya hizo. Lichukue hilo, likutanishe na ya zamani, linazaa jingine. Hilo nalo linazaa jingine.

"Mpaka lini?" nilikuuliza.

"Hakuna lini, Mama."

Ndiyo hiyo aljebra yenu, ambayo vipimo vyake havina ukomo. Kwa nguvu yake mtu anaweza kuanza na anga tupu, lisilo na chochote, akaligeuza kwa hatua ambazo sheria haizioni mpaka akapata shimo jeusi linalozunguka. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza niliacha maharagwe. Na ukaniambia lililo kubwa zaidi: kwamba wako wanaoshuku kuwa hayo yote ni kivuli cha kitu kingine, kwamba hata bila kupunguza lolote, graviti nzima huenda inatawaliwa na aljebra kubwa kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuiandika yote. Wameshuku kwa muda mrefu. Hakuna aliyethibitisha. Huko ndiko unakokwenda, kwenye shuku.

Basi Jumatatu nikakaa na majedwali mawili madogo ya namba, mbili kwa mbili, kama ulivyonionyesha. Nikazidisha la kwanza kwa la pili. Nikazidisha la pili kwa la kwanza. Majibu yakatofautiana. Nikawa na hakika kwamba nimekosea, kwa kuwa tangu shule ya msingi naambiwa mbili mara tatu ni sawa na tatu mara mbili. Nikamwita baba yako.

"Baba Nekesa, hebu angalia hii."

"Mimi ni wa trekta."

"Angalia tu."

Akaangalia, mikono nyuma, kama anavyoangalia injini ya mtu mwingine. "Labda umekosea."

"Nimerudia."

"Basi labda iko hivyo," akasema, akarudi kwenye sanduku lako.

Iko hivyo. Nilizibishia namba zile, Nekesa. Nilizijaribu kwa mpangilio mwingine, nikazibadilisha, nikazikemea. Maisha yangu yote nimebishana na watu, na mtu, hata awe mgumu vipi, ana mahali pa kumshikia: aibu yake, tumaini lake, hofu yake. Namba zile hazikuwa na mahali pa kushikia. Hazingeshawishika, hazingetishwa, hazingepigiwa kura. Nikapata tofauti ileile, na tofauti hiyo, kama ulivyoniahidi, nayo ilikuwa jedwali la namba, kitu kipya ambacho sikukiweka mimi. Nikabaki nacheka peke yangu jikoni. Hakuna aliyeniona. Maharagwe yakaungua, na kama hukuniuliza kwa nini tulikula mayai jioni ile, sasa unajua.

Nakuambia haya kwa sababu kabla ya Jumatatu jibu langu lingekuwa la mama. Ningesema uende kwa sababu ni wewe, kwa sababu nimekulea, kwa sababu ningependa majirani wajue. Na ningekuwa nakupa kitu nisichokijua ladha yake.

Sikufichi ubaya wake. Huenda aljebra ile kubwa haipo. Unaweza kutumia miaka yako mizuri ukarudi na uthibitisho kwamba wote walioshuku walishuku bure. Nimekuwa katika harakati zilizoshindwa, naijua ladha ya hilo, na sitaipaka sukari. Kutakuwa pia na miaka ambayo hakuna atakayeinuka kwa lolote utakalosema, wala kukaa, kwa kuwa hakutakuwa na mtu chumbani. Mimi mwaka kama huo uliniangusha. Wewe unacho cha kuingia nacho mle. Nimekuona nacho tangu ukiwa na miaka kumi na minane, umesimama mlangoni, unanikatalia.

Na watoto wa Kibabii? Hilo limenishughulisha kuliko yote, kwa sababu baba yako mkubwa ana haki. Wanahitaji mwalimu, wanamhitaji mwaka huu. Nimejaribu kujenga hoja ya kuwaweka kando na sijaipata iliyo safi. Nililonalo ni hili tu, na ulipime mwenyewe: mwalimu aliyeliacha swali lake njiani kwa sababu aliombwa kwa upole atawafundisha hesabu, na pembeni, bila kusema, atawafundisha pia namna ya kuacha. Nimefundisha historia kwa miaka mingi katika mji huu. Najua wanafunzi hujifunza lipi kati ya hayo mawili.

Sasa jibu.

Nimelijaribu kwa njia yako. Nilikuondoa wewe kwenye swali, nikamweka binti wa jirani yetu muuza mbegu. Nikampa shuku yako, nikampa kazi ya kudumu mkono mmoja na tiketi mkono wa pili. Nikasema aende. Nikamwondoa, nikamweka mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyowahi kuiona. Aende. Nikajiweka mimi, wa mwaka ule, juu ya gunia la mahindi. Aende, na akiweza akimbie. Kisha nikakurudisha wewe mahali pako, nikangoja nione kama jibu litageuka, kwa maana lingegeuka ningejua kwamba anayesema ni hofu yangu, au fahari yangu. Nimengoja tangu saa nane. Halijageuka.

Nenda.

Mpigie baba yako mkubwa leo, kabla hujala. Mwambie mwenyewe, kwa heshima, wala usimpe sababu usiyoiamini ili kumfurahisha. Atasononeka, kisha atawaambia watu wote wa Sirisia kwamba ni yeye aliyekufundisha graviti.

Uliuliza ningekuambia nini kama ungekuwa si mwanangu. Ningekuambia hilihili, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba binti wa muuza mbegu ningemwambia nikiwa nimekaa, kisha ningeendelea na shughuli zangu. Kukuandikia wewe kumenilazimisha niinuke mara mbili, nikanawe uso.

Mama yako